Maswali yanayoulizwa kila siku kuhusu mwendo na kuruka kwenye magemu ya kupiga risasi

Nimeamua kuyaweka sehemu moja maana kila wana wakikutana kucheza LAN (kompyuta zimeunganishwa pamoja sehemu moja), iwe Sinza, Tabata au Mbezi, maswali ni yaleyale na majibu yanayozunguka ni nusunusu. Hapa naongelea magemu ya kupiga risasi ambayo unaona kwa macho ya mchezaji mwenyewe: Quake, Counter-Strike, Team Fortress 2, Apex, Call of Duty (COD) na ndugu zao. Kuna kitu kimoja ntakirudia sana humu ndani kwasababu ndo kinawashinda wengi: ukiwa hewani spidi inatoka kwenye mausi, haitoki kwenye kitufe cha kwenda mbele (W; A ni kushoto, D kulia, S nyuma).

Kwani mwendo una umuhimu gani, si mtu alenge tu?

Kulenga kunakusaidia ukishamuona mtu. Mwendo ndo unaamua utamuona ukiwa wapi, yeye akiwa wapi, na kama atakuwa tayari au bado anageuka. Chukua de_dust2, mapu ya Counter-Strike, pale kati kuna boksi wanaliita Xbox, ukilipanda kwa mruko mmoja unaingia short (njia ya mkato) fasta, ukikosa unabaki umesimama wazi mbele ya mtu wa AWP (bunduki ya kudungulia) kwenye milango ya kati na raundi yako imeisha hapo, na hapo hata uwe na lengo la ajabu halina kazi. Alafu mwendo ukishakaa mwilini hauondoki, unaweza ukakaa miezi bila kucheza lengo likashuka, ila kuruka bado unaruka vilevile.

Hizi mbinu zilianzia wapi?

Kwenye Doom ya 1993, ambayo hata kitufe cha kuruka haina. Ila wale jamaa wa id Software, waliotengeneza Doom na Quake, waliandika kwamba ukikimbia mbele unapata nguvu 50 na ukienda pembeni unapata 40, kila moja inahesabiwa kivyake alafu zinajumlishwa, kwahiyo ukikimbia kimshazari unapata kama 64, yaani asilimia 28 zaidi ya mtu anayekimbia mbele tu. Watu wakagundua namna ya kufanya ule mwendo wa pembeni nao ufike 50, ikawa asilimia 41. Na kwenye mapu ya E3M6, Mt. Erebus, kuna mlango wa siri unaofikika kwa kujipigia roketi ukasukumwa ukavuka, na hiyo ni kabla hata watu hawajawa na jina la kitu chenyewe.

Quake ikaja 1996 na kuruka kukawepo rasmi. Hapo ndo mambo yakachanganya. Mwaka 1997 kundi la wachezaji lilimaliza Quake nzima kwenye ugumu wa Nightmare kwa dakika 19 na sekunde 49, wakiungaunga mapu moja moja walizozikimbia vizuri kabisa, watu wakaona imeisha hiyo. Mwaka 2000 wakarudia wakapata dakika 12 na sekunde 23. Gemu ileile! Sehemu kubwa ya hiyo tofauti ni banihopu (kurukaruka mfululizo bila kupoteza spidi), ambayo kwenye ile ya kwanza walikuwa hawajaijua.

Half-Life ya 1998, ya kampuni ya Valve, ilijengwa juu ya injini ya Quake (programu ya ndani inayoendesha gemu), Counter-Strike ikazaliwa ndani ya Half-Life, baadae Valve wakaleta injini ya Source, na Titanfall na Apex zimejengwa juu ya Source iliyofanyiwa marekebisho. Kwahiyo ukiona dogo anateleza kwenye Apex ujue ule ukoo unarudi mpaka 1996.

Kwanini kugeuza mausi hewani kunaongeza spidi? Mbona haina mantiki?

Mantiki ipo, na ukiielewa hii moja mengine yote yanafunguka, kwahiyo soma taratibu.

Kila fremu (picha moja kati ya nyingi zinazochorwa kila sekunde) gemu inajiuliza maswali mawili. La kwanza: huyu anataka kwenda upande gani? Hilo linajibiwa na vitufe ulivyoshika pamoja na unakotazama. La pili: spidi yake kuelekea upande huo ni ngapi? Kama iko chini ya kikomo inamuongezea kidogo, kama imeshafika haimpi kitu. Ona sasa, haipimi spidi yako yote, inapima ile sehemu tu inayoelekea unakotaka kwenda. Ni kama tochi ya trafiki barabara ya Bagamoyo, ukija unaielekea moja kwa moja inasoma spidi yako kamili, ila ukikatiza mbele yake kutoka kushoto kwenda kulia inasoma kidogo sana hata kama umekanyaga mafuta yote.

Basi wewe kazi yako hewani ni kuikatizia tochi. Unashika D, unageuza mausi kulia taratibu, ule upande unaoutaka unabaki umekaa kimshazari na mwendo wako, gemu inasoma karibu na sifuri, inakuongezea. Hicho kidogo kinapinda mwendo wako na kuurefusha, fremu inayofuata inasoma tena karibu na sifuri, inaongeza tena. Na hewani hamna msuguano wa kukurudisha nyuma, kwahiyo unachopata unakaa nacho mpaka ukanyage chini.

Ukishika W je? Unaiambia gemu unataka kwenda kulekule unakoenda tayari, tochi inasoma spidi yote, inakuta umeshavuka kikomo, hupewi kitu. Ukichanganya W na D ule upande unaoutaka unarudi karibu na mbele na faida inapotea. Ndomana nasema achia W. Nimekaa nyuma ya watu wengi wanaocheza na hiki ndo kinawaua, kidole kimeganda kwenye W.

Mbona kwenye Quake 3 nimeambiwa nishike W?

Swali zuri sana, na aliyekuambia yuko sahihi. Tofauti ni kile kikomo. Kwenye QuakeWorld (Quake ya kucheza mtandaoni) na Counter-Strike kikomo cha hewani ni uniti 30 tu kwa sekunde (uniti ni kipimo cha umbali ndani ya gemu), kidogo mno, kwahiyo lazima upande unaoutaka ukae karibu mraba kabisa na mwendo wako, na W inaharibu. Kwenye Quake 3 Arena ya 1999 kikomo ni 320, sawasawa na spidi ya kukimbia chini, kwahiyo pembe nzuri inakuwa ndogo, na W pamoja na D kwa pamoja vinakupa huo upande wa mshazari unaotakiwa. Unaruka, W na D, mausi inaenda kulia taratibu, ukitua unaruka tena na W na A mausi inaenda kushoto. Kadiri spidi inavyopanda ile pembe inatakiwa iwe kubwa zaidi na kosa linavumiliwa kidogo zaidi, ndo sababu miruko miwili ya mwanzo kila mtu anaiweza alafu wa nne unakufa.

Ukitaka kujipima, ule mruko wa mapu ya q3dm6 kutoka kwenye daraja kwenda kwenye bunduki ya railgun ni kipimo kizuri, ukiupata mara nyingi kuliko unavyoukosa streifu jampu (huku kuruka kwa kugeuza hewani) unayo.

Wenye gemu waliijua hii au ni hitilafu ilipita bila kuonwa?

Waliijua. Msimbo wa Quake 3 uliachiwa wazi mwaka 2005, yeyote anaweza kuusoma, na pale kwenye kazi ya kuongeza spidi kuna njia mbili zimeandikwa. Ile ya pili imewekewa maelezo kwamba ndo njia sahihi na inazuia hii hitilafu ya spidi ya streifu jampu, ila inajisikia vibaya kuicheza, kwahiyo ikazimwa na ile ya zamani ikabaki. Mimi hii naipenda sana, mtu ana suluhisho mkononi, analijaribu, anaona linaharibu mkono wa mchezaji, analiacha.

Naruka vizuri ila nikitua spidi inakufa, tatizo nini?

Unachelewa kuruka. Ukikanyaga chini msuguano unaanza kukukata fremu kwa fremu, ukiruka papohapo unapotua haupati muda wa kukukata. Hapa tena magemu yanatofautiana. Kwenye Quake 3 unaachia kitufe cha kuruka ukiwa hewani, unakibonyeza tena kabla hujatua na kukishikilia, ukigusa chini unaruka wenyewe. Kwenye Counter-Strike hiyo haifanyi kazi, ukibonyeza hewani gemu inahesabu kitufe kimeshatumika, lazima ubonyeze wakati uleule wa kutua. Ndo watu wakahamishia kuruka kwenye gurudumu la mausi, unaandika kwenye konso (dirisha la amri za gemu) `bind mwheeldown +jump`, unazungusha ukikaribia chini, linatuma kuruka kwingi mfululizo na kimoja kinadaka.

Lingine la kujua, kwenye CS 1.6 (Counter-Strike ya zamani) kuna kizuizi: ukiruka huku spidi yako imevuka mara 1.2 ya spidi ya silaha uliyoshika, gemu inakushusha mpaka asilimia 80 ya kikomo hicho. Na kisu unakimbia 250, kwahiyo ukiruka ukiwa juu ya 300 unakatwa unarudi 240. Mtu hajui hili anadhani mkono wake mbovu kumbe amezidisha. Magemu ya baadae ya CS nayo yana kizuizi chake pamoja na uchovu wa kuruka, kwahiyo usitegemee kuvuka mapu nzima unapaa, chukua mruko mmoja miwili ya kukuwahisha kona.

Kutumia gurudumu ni chiti? Na makro je?

Gurudumu sio chiti, mkono wako ndo unazungusha. Makro na skripti (programu zinazobonyeza vitufe kwa niaba yako) ni kitu kingine. Agosti 2024 Valve walitangaza kwamba kwenye seva zao za CS2 kitufe kimoja kufanya kazi ya vitendo vingi hakiruhusiwi, ikiwemo zile kibodi zenye Snap Tap ya Razer (ukibonyeza kitufe cha upande wa pili inaachia cha kwanza yenyewe) na zinazofanana nayo, ukigundulika unatolewa mechi. Kwahiyo ukinunua kibodi ya gemu Kariakoo muulize muuzaji kama ina hicho kitu na namna ya kukizima, kabla hujaingia mechi.

Nasikia kwenye Quake 3 ukiwa na fremu 125 kwa sekunde unaruka juu zaidi, kweli?

Kweli. Graviti ya gemu ni 800, na Quake 3 inazungusha spidi yako iwe namba kamili kila fremu. Kwenye fremu 125 kila fremu graviti inatakiwa ikutoe 6.4, inazungushwa inakuwa 6, kwahiyo graviti halisi unayoisikia ni 750. Kwenye fremu 60 hesabu inaweza kugeuka dhidi yako, 12.8 inakuwa 13. Miruko mingine kwenye mapu za zamani inawezekana kwa fremu fulani tu. Kama mashine yako haifiki 125 usiumize kichwa, jifunze pembe kwanza.

Kuruka kwa roketi nafanyaje nisijiue?

Tazama chini na kidogo nyuma ya unakotaka kwenda, ruka na upige karibu kwa pamoja, kuruka kutangulie kidogo sana. Kwenye Quake 3 unapata msukumo wote wa roketi ila maumivu nusu, na msimbo wenyewe umeandika wazi kwamba maumivu yanapunguzwa baada ya msukumo kuhesabiwa ili kuruka kwa roketi kufanye kazi, kwahiyo ni ruhusa kabisa. Bado unapoteza afya ya kutosha, usifanye ukiwa na 40.

Kwenye Team Fortress 2 ya 2007 mchezaji wa Soldier amejengwa kwa hii kazi. Pale chuchumaa unapopiga, maana mwili ukiwa mdogo mlipuko unakusukuma zaidi. Na ukishakuwa juu, ndio, achia W.

Kuruka na kuchuchumaa?

Unaruka, ukiwa hewani unachuchumaa, miguu inapanda, unapita kwenye boksi ambalo mruko wa kawaida haufiki. Half-Life yenyewe inakufundisha mwanzoni. Dakika tano umeshaiweza.

Nacheza CS tu, nijifunze kipi kwanza?

Kaunta streifu, kabla ya banihopu, kabla ya chochote. Kwenye CS risasi zinaenda ovyo ukiwa unatembea, zinatulia ukiwa chini ya kama asilimia 34 ya spidi ya silaha. AK inakimbia 215, kwahiyo unatakiwa ushuke chini ya 73 hivi. Ukiachia tu kitufe msuguano unachukua muda kukusimamisha, ukigusa kitufe cha upande wa pili unasimama chap. Unatoka kona na D, unagusa A, unapiga, unarudi. Zoezi lake hata intaneti haitaki, fungua mapu peke yako, chagua alama ukutani, toka kona, gusa, piga risasi moja, angalia imeingia wapi. Ukiona zinatua pale pale ulipolenga bila kusubiri, umeanza kuiweza.

Surf ni nini, naona watu wanateleza kwenye miteremko hewani?

Ni hitilafu nzuri kuliko zote. Injini inasema ukuta ukiwa na mteremko unaozidi kama nyuzi 45 na nusu huwezi kusimama juu yake, kwahiyo gemu inakuhesabu uko hewani hata kama unaugusa. Uko hewani maana yake hamna msuguano na ile kanuni ya tochi inafanya kazi muda wote. Unashika kitufe cha kuelekea ukuta, mteremko uko kulia kwako unashika D, uko kushoto unashika A, na mausi inakuongoza. Usishike W na usiguse S. Seva za surf zinapandisha `sv_airaccelerate` (setingi ya kuongeza spidi hewani) juu sana kuliko ya kawaida ndo maana kugeuka kule ni laini. Kwa anayeanza naona surf inafundisha mkono haraka kuliko banihopu, maana huna presha ya kutua.

Apex, Titanfall na COD zinafuata hayahaya?

Kwa sehemu. Titanfall 2 ya 2016 ina kukimbia ukutani na kuteleza, na ukiunganisha kuteleza na kuruka spidi inabaki, bado unageuza hewani kama kwenye Source. Apex ya 2019 haina kukimbia ukutani ila kuna kuudunda ukuta, unaugusa ukiwa na spidi ya kuteleza alafu unaruka tena. COD ni familia nyingine, kule ni kuteleza na kukatisha kuteleza, na inabadilika kila toleo, 2022 waliitoa, 2023 ikarudi, na Black Ops 6 ya 2024 ikaleta kukimbia na kuteleza pande zote. Ukicheza COD tu, haya ya pembe za hewani hayatakusaidia sana, nakuambia ukweli.

Mimi nina simu tu, nafanyaje?

Wengi wetu mjini hapa tuko kwenye simu. Kwenye COD Mobile au PUBG Mobile ukiweka macho ya mchezaji, kinachokufaa ni kuteleza, kuruka huku unapiga, na kuchungulia kona. Shida ni dole gumba, moja linatembea lingine linageuza, la kuruka na kupiga halipo. Jaribu kushika kwa vidole vinne, kuruka na kuchuchumaa viweke juu kushoto kwa kidole cha shahada. Siku mbili tatu utaona unacheza vibaya kuliko mwanzo, vumilia, haikwepeki.

Laptop yangu ya kizee na bando langu dogo, ntafanyia wapi mazoezi?

OpenArena. Ni bure, ilianza 2005 juu ya msimbo ule ulioachiwa wa Quake 3, inakimbia kwenye mashine ambayo hata kivinjari kinaihema. Unaipakua mara moja, hata ukiombea kwa mwenye waifai, alafu hutaki intaneti tena. Xonotic nayo ni bure na nzuri ila inataka mashine yenye nguvu kidogo. Na CS 1.6 bado iko kwenye flashi za wana wengi kitaa, uliza tu.

Muhimu zaidi, tafuta mausi ya waya ya kawaida na zima ile setingi ya Windows ya kuongeza kasi ya mausi, maana ikiwa imewashwa mkono uleule unakupa mgeuko tofauti kila mara na hutajua kosa ni lako au la mausi.

Pingi (muda wa data kwenda kwenye seva na kurudi) kutoka Dar iko juu, itaharibu mwendo wangu?

Kidogo kuliko unavyodhani. Tangu QuakeWorld ya 1996 mashine yako inakisia mwendo wako yenyewe bila kusubiri jibu la seva, kwahiyo hata ukiwa unacheza kwenye seva ya Johannesburg au Dubai mruko unausikia papohapo. Kinachoumiza ni pakiti (vipande vya data) kupotea njiani, seva inakuwa haijapata vitufe vyako, inakurudisha nyuma ghafla katikati ya mruko. Kwahiyo angalia pakiti zinazopotea kabla ya pingi. Pingi 90 iliyotulia inacheza kuliko 50 inayorukaruka, na kama uko kwenye hotspoti ya simu iunganishe kwa waya wa USB.

Ratiba ya kuanza ikoje?

Kama una nusu saa kwa siku: dakika kumi kaunta streifu, dakika kumi geuka hewani juu ya boksi moja bila kushika W, upande mmoja kwanza mpaka ukae, alafu wa pili, maana kila mtu ana upande mbovu na ukivifanya kwa pamoja ule mbovu unajificha. Zilizobaki cheza mechi kawaida bila kuwaza mbinu. Washa kipima spidi kwenye skrini, kwenye magemu ya Source ni `cl_showpos 1`, macho yatakudanganya ila namba haikudanganyi. Ukiona umeruka na 250 ukatua na 265 hapo ndo pameanza, ongeza mruko wa pili.